Siku Tisa ya "Bulu Hapana"

Mbele niandike mambo ya kazi, acha nianze na koti. Koti haina kitu na asidi. Lakini bila ile koti singejua hata mulango ya lizini, ile fabriki yetu, iko wapi, na ninyi vijana mulibakia kule mungekuwa munasoma muntu mwingine.

Nilikuwaka kijana. Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, alitaka kuoa binti ya muji ya Pweto, na bakwe balilomba, kati ya bintu bingine, koti na suruali ya kitambaa kizito kwa baba ya bibi-arusi, ishonwe Lubumbashi, isiwe ya kununua tayari. Fundi moya ya kwetu Kamalondo akaomba vipimo. Sasa yaya yangu alimuonaka ule muzee mara moya tu, na muzee alikuwa amekaa. Muntu mwenye kukaa haumujui. Yaya akapima hewa na mikono: mabega hivi, tumbo hivi. Fundi akashona hewa. Mimi nikatumwa kuipeleka, juu ya kamyo, koti imefungwa mu gazeti, vumbi mupaka mu masikio. Kufika kule, muzee anasimama kunipokea. Anasimama, anaendelea kusimama, naona haimaliziki. Mikono ya koti ilimufikia ku kiwiko. Alikuwa muntu ya heshima, akajaribu kuifunga mbele ya jamaa yote, na koti ikapasuka mugongo kuanzia shingo mupaka chini. Hakukasirika. Alisema nimwambie yaya yangu akuye kumupima mwenyewe, akiwa amesimama.

Yaya akaenda, akapima, akaoa, bakazaa sita. Hiyo haiko habari yetu. Habari yetu iko ku kamyo ya kurudia.

Tulikaa juu ya bitunga ya samaki makavu, na pembeni yangu kulikuwa muzee moya mwenye kofia nyeupe, muntu ya Kamalondo lakini asili yake Maniema. Balimwita Papa Sudi. Mbele ya kufika Kasenga kamyo ikakohoa, ikasimama. Shofere akatukana pompi, akatukana fundi ya pompi, akafika ku mama ya fundi. Papa Sudi akaomba chupa tupu. Akaijaza mazuti, ile mafuta ya kamyo, ya mu tanki, akaiweka juu ya jiwe, akasema muntu asiiguse. Bantu bakaendelea kubishana. Mimi nilichuchumaa mbele ya chupa. Polepole mazuti ikajigawa: juu mafuta, chini mayi, na katikati mustari sawa vile imekatwa na wembe. Papa Sudi akamwambia shofere kama hakununua mazuti, alinunua mayi yenye kuvaa mazuti. Kisha akanigeukia, akaniuliza niliona nini. Nikamujibu kama mustari ilipanda polepole, ikafika pale, njo ikatulia. Akauliza kama niko na kazi. Nikasema niko na koti yenye kupasuka. Alicheka mupaka Kasenga.

Kumbe alikuwa shefu ya timu mu lizini moya ya kobalti, pembeni ya muji. Jina ya ile fabriki naiacha, juu bado kuna batoto banakula juu yake. Wiki ile ile akanipeleka.

Masomo yangu ilikuwa darasa ya ine, na ile ya ine haikumalizika. Papa Sudi alisema haizuru, macho haina darasa. Siku ya kwanza alinipa kiti ya mbao na kazi moya: kukaa mbele ya sanduku na kutazama mustari. Ninyi munazijua zile sanduku, lakini naandika pia kwa bibi yangu ya ndoa, mwenye kuniuliza miaka yote kama nafanya nini kule. Kuna sanduku ndogo yenye panga ya kuzunguka, pale mayi na mafuta binapigana mupaka bifanane na maziwa. Kisha inamwagika mu sanduku ndefu, pale hakuna mwenye kubisumbua, na bintu binajigawa tena: mafuta juu, mayi chini. Kazi yote ya lizini iko ndani ya ile dakika ya kupigana. Ingine yote ni kungojea.

Siku ya pili, kiti ile ile, mustari ile ile. Siku ya tatu nikamwambia Papa Sudi kama mustari nimeiona sasa. Alinijibu: "Umeiona. Yenyewe bado haijakuona." Nilikaa wiki mbili. Leo najua kama alikuwa ananipima, na pia kama hakukuwa kiti ingine.

Sasa mambo ya asidi. Asidi ya fosforo ya kawaida munaijua bila kuijua. Iko mu mbolea, inatoa kutu ku chuma, na limonadi ya rangi nyeusi yenye munakunywa ku sikukuu banaitia kidogo. Ile yenyewe inapenda mayi, inayeyuka mule sawa chumvi. Yetu iko ndugu yake, lakini ndugu mwenye kwenda Ulaya. Bantu ba kemia balichukua asidi ya fosforo, bakaifunga mikia mbili ya mafuta. Basi haiwezi tena kuyeyuka mu mayi. Inaogelea mu petroli, ile ya taa, mikia ndani ya mafuta, na mukono moya tu inatoka inje, ku mustari, kunyakua chuma zenye kupita mu mayi. Hivi njo Papa Sudi alinielezea, na siku moya injenieri moya mwenye diplome mbili alinisikia namwelezea mugeni, akasema haiko vile kabisa, akafikiri, akasema ni vile.

Ile mukono ina desturi yake. Haishiki bure. Kila mara inashika chuma, inaachilia ukali kidogo mu mayi. Mayi ikiwa kali sana, mukono inafunga, haishiki tena. Njo tunatia soda, ile kali ya kupikia sabuni, kupunguza ukali, ili mukono ifunguke. Na mukono inachagua. Zenki njo wa kwanza, anakaribishwa hata mayi ikiwa kali. Nyuma yake chokaa, nyuma manganezi, nyuma shaba. Kobalti anabakia mwisho, sawa shemeki mwenye kufika ku ndoa bila mualiko: akikuta mulango wazi, anaingia. Na sisi kazi yetu ilikuwa kuondoa bale ba kwanza na kumuacha kobalti inje, mu mayi yake ya roze, rangi ya waridi, peke yake, safi. Soda kidogo, zenki na manganezi banabakia na kobalti, na munuzi anarudisha muzigo. Soda mingi, mulango inafunguka na kobalti anaingia mu mafuta pamoja na bengine. Kisha tunapeleka mafuta mu asidi ya batri, kali, kuilazimisha iache yote imeshika, na ile mayi ya kuoshea inaenda ku ziwa ya uchafu. Kama kobalti alikuwa ndani, anaenda naye kule. Muelewe hapa vizuri, juu mambo yote ya mbele iko hapa.

Kuna ya kuchekesha pia. Chokaa ikiachwa mu asidi ya batri inageuka jiwe jeupe, ile ile ya kufunga mukono yenye kuvunjika. Bomba zetu zote zilikuwa na plastere ndani sawa golikipa ya timu mbaya. Tulikuwa tunazigonga na nyundo kila juma ya pili, na muntu akiuliza tunafanya kazi gani tulisema tuko baganga. Na chuma yenyewe, ile ya misumari, ikiingia mu mafuta haitoki. Asidi ya batri inaipigia kelele, yenyewe inatazama ukuta. Ni asidi ingine tu, ile yenye kutoa moshi, njo inaifukuza. Niko na mukwe moya wa vile, lakini simutaji, anaweza kusoma.

Papa Sudi aliniachia desturi moya, na niliishika kupita vile nilishika mambo ya kanisa. Aliiita kusalimia mafuta. Asubui, mbele ya chayi, mbele ya kusema hata neno na muntu, shefu ya timu anajaza chupa ndogo ya kioo na mafuta ya sanduku ya mwisho, anaenda ku ukuta nyeupe pembeni ya mulango, anainua chupa mbele ya ule ukuta, anatazama. Mafuta ikiwa na rangi ya majani makavu, iko muzuri. Ikiwa bulu, kobalti ameingia: punguza soda. Papa Sudi mwenyewe alipaka ule ukuta chokaa kila mwisho ya Ramadani, ili usidanganye. Na mu kitabu tuliandika neno mbili tu: "Bulu hapana." Ao, siku mbaya, "Bulu iko." Mashini ya kupima ukali ilikuya nyuma, na kijiti yake ya kioo yenye kulala mu mayi, lakini Papa Sudi alisema mashini iko mutumishi na jicho iko bwana.

Alikufa nyumbani kwake, mu kitanda, meno yake yote mu kinywa. Niliachiwa chupa. Miaka ikapita, sitazihesabu, na mushahara pia sitataja, juu hamutaamini na mimi pia sikuamini. Nitasema tu kama injenieri bengi bapya balikuya kwangu na chupa mukononi kuniuliza: Papa Mumba, hii ni bulu ao haiko bulu? Muntu ya darasa ya ine anaulizwa na bantu ba univerisite. Hiyo inaharibu kichwa polepole, sawa kutu.

Mama Ngalula alikuya ku labo, pale banapima mayi na mafuta, miaka kumi na ine iliyopita. Wazazi yake ba Kasai, yeye mwenyewe muzaliwa ya hapa, mwenye masomo, mwenye miwani ya kamba, na ulimi ya wembe. Tulipendana na kuchokozana siku ya kwanza. Mimi nilimwambia kama labo yake iko jikoni bila chakula. Yeye aliniuliza kama jicho yangu iko na sertifika, na kama banaipeleka wapi kuipima. Nilimuletea samaki ya Pweto kila mara bandugu banatuma. Alisema iko na muchanga mingi, kisha alirudisha kitunga tupu. Hiyo njo urafiki ya ku kazi. Haina maneno mazuri, iko na kitunga.

Sasa mwezi ya saba, ya mwaka huu huu. Munakumbuka ile baridi. Asubui tulikuwa tunatoa moshi mu kinywa sawa shofere mwenye sigara. Na shodieri, ile pipa kubwa ya kupasha mayi moto mbele iingie mu sanduku, ikakufa. Shefu Didier, shefu yetu ya produksio, kijana ya akili lakini mwenye haraka, akasema tuendelee, kipande ya kutengeneza itakuya. Tuliendelea. Mayi ikaingia baridi, mafuta ikawa nzito. Mimi nilisalimia mafuta kila asubui. Bulu hapana. Bulu hapana. Ilikuwa na kivuli kidogo ya roze, kweli. Lakini mu baridi mafuta nzito inabeba matone ya mayi, na mayi ya kobalti iko roze, kila mutoto ya lizini anajua. Nikasema ni matone. Nikaandika, nikaenda kunywa chayi.

Siku ya tatu Mama Ngalula alileta karatasi: kobalti yenye kutoka haifikii ile yenye kuingia. Bakamwambia apime tena. Akapima, ikawa ile ile. Siku ya tano, mbaya kupita. Siku ya tisa, juma ya tatu, Shefu Didier akatuita bote ku biro, akasema kuna mambo mbili tu: ao labo haijui kuhesabu, ao kobalti inatoka mu lizini na miguu. Tangu juma ya kwanza, mwanzo ya wiki, balinzi balikuwa banafungua mufuko ya Mama Ngalula kila jioni ku geti, mbele ya bantu. Alisimama wima akasema hesabu yake iko sawa, na kobalti inapotea ndani ya sanduku.

Sasa sikilizeni vile nilifanya, juu njo ninaandika hii yote. Shefu Didier akanigeukia mimi, jicho ya lizini. Na nikasema:

"Shefu, mafuta naisalimia mimi mwenyewe. Bulu hapana. Kama kuna kitu inapotea, inapotelea ku karatasi."

Bantu bakacheka. Nilipenda vile balicheka, nisidanganye. Mama Ngalula hakunitazama. Mbele ya saa sita balimupa ile karatasi yenye bafanyakazi bote ba Kongo banaogopa kupita malaria, demande d'explication: ajieleze mupaka juma ya tano saa sita, bila vile kazi imekwisha. Na ndani yake baliandika, na jina yangu: kufuatana na ushahidi ya Bwana Mumba, mafuta haikuwa na kobalti.

Juma ya ine asubui, siku ya kumi, nilijaza chupa. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na mukono ingine nilikuwa nashika mukate na kikombe, basi nikatia chupa mu mufuko ya ndani ya kabuti, nisalimie mafuta nyuma ya chayi. Mara ya kwanza mu maisha yangu chayi ilipita mbele. Papa Sudi angenipiga. Nikakaa pembeni ya resho ya kupikia chayi, tukabishana mambo ya mupira, na chupa nikaisahau pale ku kifua. Kisha nikaikumbuka, nikaenda ku ukuta, nikainua.

Ilikuwa rangi ya jicho yenye kupigwa ngumi.

Nilifikiri muntu amebadilisha chupa. Nikaitia mu ndoo ya mayi ya inje, ile yenye barafu nyembamba juu. Nikangojea. Ikarudia roze. Nikaitia mu birika ya chayi. Ikawa bulu. Bulu ya kitambaa ya mwanafunzi, bulu kabisa. Nikaitoa, ndoo: roze. Birika: bulu. Bale ba timu bakaanza kucheka, mimi pia nikacheka, iko muchezo muzuri kwa batoto. Kisha nikaacha kucheka, juu nilielewa. Haikuwa matone ya mayi. Ilikuwa kobalti, mingi, ndani ya mafuta, na mu baridi kobalti ya mu mafuta inavaa roze. Anavaa bulu akisikia joto tu. Miaka yote shodieri ilikuwa inamuvalisha, na mimi nilifikiri ni jicho yangu.

Nikachukua chupa na birika, nikaenda ku labo. Mama Ngalula alikuwa anaandika majibu yake, karatasi ya tatu, mbili za kwanza chini ya meza. Nikamuonesha: birika, bomba ya mayi baridi, birika. Alitoa miwani, akaipanguza, akaivaa, akafanya yeye mwenyewe mara tatu. Muntu ya labo haamini muntu mwingine. Kisha akaniuliza:

"Papa Mumba, siku ngapi?"

"Tangu shodieri ikufe. Tisa."

"Na mayi ya kuoshea, ile ya ku ziwa ya uchafu, iko rangi gani?"

"Roze kidogo. Manganezi iko roze kidogo kila siku. Hakuna mwenye kuitazama."

"Na hakuna mwenye kuniletea," akasema. "Enda ulete."

Nikamuletea. Alipima mupaka jioni, na kobalti yetu yote ilikuwa mule, sawa bibi mwenye kutafutwa muji muzima kumbe yuko kwa shangazi. Tukaenda pia kutazama kijiti ya mashini. Mu baridi mafuta nzito ilikuwa imeifunika, imekauka juu yake sawa ganda ya bukari, ugali yetu, ku chungu. Ilikuwa inasoma ukali ya siku ya kwanza, na kuomba soda, soda, soda. Mutumishi alikuwa kipofu, na bwana alikuwa anatazama rangi ya nguo.

Kwa hiyo vijana, muandike hii mu kitabu yenu: chupa itiwe kwanza mu mayi ya moto, njo isalimiwe. Kijiti ioshwe kila asubui na sabuni, isipanguzwe ku suruali, nawajua. Na mayi ya kuoshea ipelekwe ku labo hata kama hakuna mwenye kuiomba. Hii mambo tatu inapita miaka yangu yote.

Juma ya tano asubui tuliingia kwa Shefu Didier, saa tatu. Nilifanya muchezo ya chupa mbele yake. Alikuwa kijana ya akili, nimesema. Alielewa mara moya, akapigia simu bantu ba soda, akatuma muntu aoshe kijiti, akashika kichwa juu ya ile kobalti ya ku ziwa. Kisha akafurahi, akasema basi mambo imekwisha, tutaandika ni shodieri. Nikamuuliza karatasi ya Mama Ngalula itaenda wapi. Akasema itabakia mu dosie yake mu kabati, lakini hataitumia. Nikamwambia kama karatasi yenye kubakia mu dosie, shefu mwingine ataifungua, na ataisoma, na jina yangu iko ndani inasema huyu mama alidanganya.

"Papa Mumba," akasema, na sauti ya muntu mwenye kuchoka, "siwezi kutoa karatasi bila kutia ingine. Direksio inataka jina ya muntu. Shodieri haina sinyatire."

"Tia yangu."

Shefu alimutazama Mama Ngalula. Mama Ngalula alinitazama mimi. Akasema nisifanye upumbavu, ninabakiza miezi mitatu niende retrete, nipumzike kazi, na sherehe na saa ya ukutani. Nikamwambia nyumbani niko na saa mbili, moya inatembea. Nikamuomba anisaidie kuandika, juu maandiko yangu iko sawa kuku amepita.

"Sitaandika," akasema. "Mimi siombi huruma yako."

"Haiko huruma. Wewe ulisema kweli, mimi nikachekesha bantu. Andika."

Alivuta kiti. Nikasema, akaandika. Kama mimi Mumba, shefu ya timu, niliandika siku tisa bulu hapana, na ni kweli bulu haikuwa, lakini kobalti ilikuwa. Kama Mama Ngalula alionesha njia siku ya tatu. Kama nilisimama mbele ya bantu nikasema anakosa, bila kupima kitu, na jicho tu. Alipofika pale, aliinua kalamu, akaniuliza na sauti ya chini kama haiko muzuri zaidi kuandika timu yote ilikosa. Nikasema timu haikuchekesha muntu. Akaandika vile nilisema. Nikatia sinyatire, mistari mbili zenye kupanda, nyuma ya jina yangu.

Shefu Didier alinisomea tena polepole, akaniambia nikae inje ku benchi, ataita direksio, batanikatia shauri. Nikatoka. Mulango ya ile biro iko na kioo. Nilimuona anafungua kabati, anatoa karatasi ya Mama Ngalula, anaipasua mara mbili, mara ine. Anatia yangu pale pale. Kisha akashika simu, akanigeuzia mugongo. Mama Ngalula alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono imefungwa ku kifua, hakuketi.

Nilikaa ku benchi kidogo. Kungojea naijua, ni kazi nilifanya kupita zote. Lakini nilijiuliza sasa nangojea nini. Ile nilikuwa nangojea imekwisha kupasuliwa mara ine, niliiona na macho yangu, na mara ile haikuwa na haja ya mayi ya moto.

Nikainuka. Nikapita ku sanduku, nikapatia muntu ya zamu chupa na birika, nikamwambia abishike pamoja. Kofia ya kazi nikaitundika ku musumari. Buti nikabakia nayo, juu sandale yangu ilikuwa nyumbani. Ku geti mulinzi alifungua kitabu yake, akaandika jina yangu na saa ya kutoka, vile banaandika kila muntu mwenye kutoka mu saa ya kazi, akaniuliza aandike saa ngapi ya kurudia.

Nikamwambia ile sehemu aiache tupu.